Pua ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha majani chai, upande wa Kericho. Kazi yake ilikuwa kulisha moto magogo ya mikaratusi na kuangalia mvuke usizidi wala usipungue. Ungedhani mtu wa kazi hiyo pua yake imekufa kwa moshi. Yake ilikuwa hai kupita kiasi. Alikuwa akisimama mlangoni, hajavua hata koti, anaanza kunisomea habari za mchana kutwa: jirani ameunguza maziwa, mtoto ameficha mapera chini ya kitanda, na wewe mama watoto leo umepika mboga ya mrenda lakini magadi umetia mengi. Mambo hayo niliyazoea mapema. Nilichochelewa kukizoea ni jinsi alivyoitumia pua hiyo siku za Jumapili.

Jumapili mchana ilikuwa siku ya wataalamu. Jina hilo niliwapa mimi, na sikuwapa kwa heshima. Walikuwa wanaume wanne. Wa kwanza ni mume wangu, Mmaragoli kama mimi, aliyenioa miaka michache baada ya uhuru akanileta kuishi katika nyumba za kambi. Wa pili alikuwa nyapara wa wachuma majani, Mkisii mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. Wa tatu alikuwa mwenye duka pale sokoni, Mkikuyu mpole aliyevaa tai kila siku, hata siku za kupakua magunia. Wa nne ndiye aliyekuwa mwenyeji wao, mzee wa Kikipsigis ambaye shamba lake lilipakana na kambi yetu, ng'ambo ya kijito. Walikutana kwake kwa sababu nyumba zetu za kambi zilikuwa ndogo, ukikohoa jirani anakupa pole. Kwa mzee kulikuwa na nyumba pana ya paa la nyasi, na mvua yetu ya kila alasiri ilipoanza, hata ikiwa ya mawe, mazungumzo hayakukatika.

Walikutana kunywa, sawa, lakini wangekwambia wanakutana kulinganisha. Walinywa polepole sana, kisha wakazungumza haraka sana.

Mke wa mzee alitengeneza pombe ya Kikipsigis, maiywek, ya wimbi na mahindi, inayokaa katika mtungi mmoja mkubwa katikati ya nyumba. Wanaume huketi kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mama huongeza maji ya moto kila inapopungua. Mimi nilitengeneza busaa kama mama yangu alivyonifundisha: unga wa mahindi ukishachacha unaukaanga juu ya bati mpaka uwe kahawia, unachanganya na kimea cha wimbi, unaacha iamke, halafu unachuja, mtu anakunywa kwa mkebe kama mstaarabu. Mwenye duka akirudi kutoka kwao alileta muratina, pombe yao ya asali, katika kibuyu, akaimimina kwa uangalifu wa mtu anayetoa damu yake. Nyapara hakuwa na mke huku, mke wake alibaki nyumbani Kisii, kwa hiyo yeye alileta kumbukumbu. Kila pombe iliyopita mbele yake aliilinganisha na ile ya mama yake, na hakuna hata moja iliyofika.

"Ni maji," alisema. "Maji ya kwetu yanatoka kwenye mwamba. Hapa maji yamepita kwenye chai, yamechoka."

Mzee hakuweza kusema busaa bila kuifanya pusaa. "Hii pusaa yenu," alimwambia mume wangu, "ni uji. Uji mzuri, lakini uji. Mtu mzima anakunywa kitu cha moto." Nami nilijaribu kutamka maiywek mpaka mke wake akanionea huruma, akaniambia niite pombe tu, itaitika. Kwa hiyo tulikuwa sawa.

Tatizo lilikuwa lugha waliyoiokota kiwandani. Pale kiwandani kulikuwa na chumba cha kuonja chai, na bwana mmoja aliyepita mbele ya vikombe vilivyopangwa mstari, anavuta chai kwa kijiko kwa kelele kama bomba linaloziba, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, kisha anasema neno moja. Mume wangu alimchungulia akaona hiyo ndiyo elimu. Jumapili iliyofuata wataalamu wote wanne walikuwa wanavuta kwa kelele. Kutema tu ndiko walikokukataa. Nyapara alisema kutema ni dharau kwa mwenye nyumba, na hilo ndilo jambo pekee ninalokumbuka walikubaliana siku ileile lilipotajwa.

Basi ukipita nje ungesikia: "Hii ina mwili, lakini haina mwisho." "Inaanza vizuri, halafu inakuacha njiani." "Imelala. Iamsheni." Mimi na mke wa mzee tulikaa jikoni tukimenya viazi na kuwasikiliza, na wakati mwingine tulilazimika kuweka kisu chini.

Siku moja mwenye duka alileta kreti ya bia ya chupa kutoka mjini. Alisema siku hizi kila mtu mwenye akili anakunywa ya chupa, tuache ushamba. Akafungua moja, akampa mzee kwanza kwa heshima ya umri. Mzee aliitazama ile chupa, akaona shingo yake ni nyembamba, akafanya jambo la maana kabisa kwa mtu wa kwao: akachukua mrija wake akautumbukiza ndani. Povu lilipanda kwenye mrija kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Lilimtokea puani, likamwagika kifuani, likalowesha blanketi lake jipya. Hakupiga kelele. Alipangusa uso taratibu, akairudisha chupa kwa mwenyewe, akatoa hukumu yake:

"Chorwenyun, rafiki yangu, hii kitu imekasirika. Iache ipoe, urudi nayo mwakani."

Mwenye duka aliuza kreti yake mahali pengine.

Katika wote hao, mume wangu ndiye aliyekuwa na pua. Wenzake walikubali hilo, hata nyapara, ambaye kukubali kulimuuma kama jino. Alikuwa anainamia mkebe, anafumba macho, anasema kimea kililowekwa siku moja zaidi kuliko inavyotakiwa, au kuni zilikuwa mbichi. Mara nyingi alikuwa amepatia. Mara nyingine alikosea, na siku hizo alisema mkebe haukuoshwa vizuri.

Halafu akaokoka.

Kulikuwa na mkutano wa injili katika uwanja karibu na josho la ng'ombe. Alikwenda kwa sababu kwaya ilisifiwa. Mimi nilibaki na mtoto mwenye homa. Alirudi macho mekundu, kola imelowa machozi, akasimama mbele ya mtungi wangu uliokuwa pembeni mwa jiko, umefunikwa kwa gunia, ndani yake busaa ikichemka taratibu yenyewe.

"Mama watoto," akasema, "mtungi uondoke."

"Uende wapi?"

"Uondoke tu. Nimempa Bwana maisha yangu."

"Umempa yako au umempa na mtungi wangu?"

Alikaa kwenye kiti akaanza kulia tena, na hapo nikaona jambo hili si la mchezo. Mume wangu hakuwa mlevi. Sijawahi kumwona akipepesuka. Lakini kanisa letu la huku lilikataa pombe hata ya tone moja, naye alikuwa mtu wa kufanya jambo zima au kuliacha zima. Niliita mke wa mzee, tukaubeba mtungi pamoja, busaa na vyote, tukavuka nao kijito hadi kwake. Nilisikitika. Ulikuwa mtungi mzuri, wa udongo wa kwetu, na ulikuwa umeshazoea mkono wangu.

Jumapili ya kwanza ya wokovu ilikuwa ndefu kuliko Jumapili zote nilizowahi kuishi na mwanamume yule. Alitoka kanisani, akala, akasoma Biblia, akaifunga. Akatengeneza mguu wa meza ambao haukuwa na ubaya wowote. Akatoka nje akatazama mlima. Akaingia. Akasema chai ina moshi. Akatoka tena. Mwishowe akavaa koti.

"Ninakwenda kumsalimia mzee," akasema. "Kusalimia tu. Kuokoka si kuwa na kiburi."

Mke wa mzee ndiye aliyenieleza yaliyofuata, na baadaye nilijionea mwenyewe mara nyingi. Alifika akawasalimia wote kwa mkono. Wakampisha nafasi yake na kumpa mrija wake. Akakataa, akasema yeye sasa ni mtu mpya. Wakanyamaza kwa adabu kama watu waliopewa habari ya msiba. Akavuta kigoda akakaa mbali, karibu na mlango, mahali penye upepo. Mazungumzo yakaanza upya kwa shida. Kisha mama akaja na sufuria ya maji ya moto, akamimina kwenye mtungi, mvuke ukapanda, ukajaa nyumba, ukamfikia mtu mpya pale mlangoni.

Akajizuia. Wanasema walimwona akijizuia. Lakini ikamtoka:

"Kimea hicho kilipigwa na mvua kikiwa juani."

Mirija yote ikatoka midomoni. Mzee akamgeukia mkewe. Mama akasimama na sufuria yake, akafikiri, akasema ndiyo, siku ya Jumanne mvua ya mawe ilianguka ghafla, walianua wimbi limeshaloa.

"Haki ya Mungu," nyapara akasema, "huyu ameokoka pua imebaki nje."

Toka siku hiyo hakukosa. Alitoka kanisani, akala, akavaa koti, akaenda kusalimia. Kigoda chake kilisogea kutoka mlangoni hadi ukutani, kutoka ukutani hadi nyuma ya bega la mwenye duka. Hakugusa tone. Wengine wakinywa, yeye alinusa akatoa maoni, na kwa kweli maoni yake yalizidi kuwa mazuri, kwa sababu jioni ilipokaribia yeye peke yake ndiye aliyekumbuka walichosema mchana. Muratina ilipoletwa, mwenye duka alimpitishia kibuyu chini ya pua kabla hajamimina, kama vile karani anavyopelekewa karatasi atie sahihi. Wakibishana, walimgeukia yeye. Alikuwa amekuwa mkubwa wa wanywaji katika nyumba ile baada ya kuacha kunywa.

Nyumbani nilimwuliza, "Baba watoto, umeniondolea mtungi. Sasa unakwenda kunusa mitungi ya wanawake wengine?"

"Ninawasaidia," akasema. "Wasipotee."

"Wasipotee na nini?"

"Na kimea kibaya."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka.

Habari ikafika kanisani, kama habari zote za mtu anayevuka kijito mchana kweupe huku amevaa koti la Jumapili. Mchungaji wetu alikuwa Mkipsigis wa upande wa Chebunyo, mtu mwembamba, mkali, asiyependa mzaha. Alikuja nyumbani kwetu na wazee wa kanisa. Niliwapa chai. Mume wangu alikaa mbele yao mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi.

"Ndugu," mchungaji akasema, "tumesikia unahudhuria pombe."

"Ninahudhuria, mchungaji. Sinywi."

"Unafanya nini huko?"

Mume wangu hakuwa mwongo. Hiyo ilikuwa shida yake siku zote. "Ninanusa," akasema.

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa ndani ya kikombe. Mimi nikageukia jiko nikaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Unanusa," mchungaji akarudia.

"Wao wananipitishia. Wakati mwingine hawanipitishii, harufu inakuja yenyewe. Mchungaji, mimi niliahidi mdomo. Niliahidi na miguu isiende kilabuni, na sijaenda kilabu, nimekwenda kwa jirani. Pua sikuambiwa. Mama anayefunga kula akapikia watoto wake, si anasikia mchuzi?"

Mchungaji akamtazama sana. Alisema jambo hili hawezi kuliamua akiwa kwenye kiti, atakwenda yeye mwenyewe Jumapili aone ni ushirika wa namna gani. Wakaomba, wakaondoka. Mume wangu hakula usiku ule. Aliogopa kutengwa na kanisa, na aliogopa vilevile kutengwa na wale watatu, na sijui lipi lilimuuma zaidi. Sikumtania. Nilimpikia uji, akaunywa, akasema una moshi, nikajua atapona.

Jumapili ile nilivuka na mimi, nikaingia jikoni kwa mke wa mzee mapema, nikakaa mahali ninapoona ndani ya nyumba. Singekubali kusimuliwa siku kama hiyo.

Mchungaji alifika na Biblia chini ya kwapa. Mzee hakuficha kitu. Mtungi ulikuwa mahali pake, mirija ndani yake, wanaume wameketi wima kama wanaopigwa picha. Mwenye duka alikuwa amekaza tai. Mzee akasimama, akamsalimia mchungaji kwa Kikipsigis, "Chamgei," akampa kiti kizuri, na kwa kuwa mgeni hawezi kukaa mkono mtupu, akamwita mkewe alete maziwa. Mama akatoa mursik, maziwa ya kuchacha yanayolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa, akakitikisa, akamimina maziwa yenye rangi ya kijivu, mazito, yakishuka polepole.

Mchungaji akashukuru, akaomba, akanywa funda moja.

Akanywa la pili, akaliweka mdomoni kidogo kabla ya kulimeza. Akakiinua kikombe akakitazama kwenye mwanga wa mlango.

"Mama," akasema, "mkaa wa mti gani huu?"

Mama akamtajia mti wake kwa Kikipsigis.

"Nilijua. Kwetu tunatumia mwingine. Unaleta ladha kali kidogo, lakini inakaa." Akanywa tena. "Ng'ombe wenu wanakula nyasi za huku za baridi, ndiyo sababu maziwa yana mafuta. Kule Chebunyo kuna joto, ng'ombe wanalamba ardhi ya chumvi, maziwa ni mepesi, lakini yakikaa kwenye kibuyu yanakuwa na mwisho mrefu."

Nikasikia neno hilo, mwisho, nikamshika mkono mke wa mzee, aliyekuwa amesharudi kwangu kumenya viazi.

"Na ya Siongiroi?" mzee akauliza kwa sauti ya upole sana.

"Ya Siongiroi!" Mchungaji akaweka Biblia juu ya kitanda ili mkono uwe huru. "Nilihubiri huko mwaka mzima. Watu wazuri. Lakini wanafungua kibuyu kabla ya wakati. Hawana subira. Maziwa bado yamelala."

"Hayajaamka," nyapara akasema.

"Hayajaamka! Hilo ndilo neno."

Basi wakazama katika hayo. Mwenye duka akauliza kama ukubwa wa kibuyu unabadilisha kitu. Mchungaji akasema unabadilisha sana, na unene wa ngozi ya kibuyu pia, akaeleza kibuyu cha marehemu mama yake kilivyokuwa, na kwamba tangu afariki hajapata mursik kama ile popote, pengine ni maji waliyooshea. Nyapara karibu alie. Alimsogezea mchungaji kiti chake, akasema, "Mchungaji, hilo la maji nimewaambia hawa watu kwa miaka." Mtungi ulisahaulika. Maiywek ilipoa, hakuna aliyeigusa, na mvua ikapiga paa, ikapita.

Mume wangu alikuwa kimya ukutani, amejikunja. Walipotulia akainua mkono, kweli aliinua mkono, akauliza:

"Mchungaji, na hiyo si imechacha?"

Mke wa mzee aliacha kumenya. Mchungaji akatazama kikombe chake, akatazama mtungi, akamtazama mume wangu. Uso wake mkali ukaanza kutetemeka pembeni mwa mdomo. Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka, na nadhani kanisa lote halikuwa limewahi. Alicheka kwa shida, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Ndugu yangu," akasema alipopata pumzi, "pua ni kiungo cha mwili. Tutaiombea."

Akaiombea palepale, mkono juu ya kichwa cha mume wangu, na wanywaji wote wakasema amina. Toka siku hiyo mchungaji alipita kwa mzee mara kwa mara. Alisema ni kufuatilia kondoo. Mke wa mzee alianza kumwekea kibuyu chake peke yake.

Sasa nieleze la mwisho, ambalo si la kuchekesha sana.

Ulikuja wakati wa kuposwa kwa binti wa yule mzee. Kwa Wakipsigis hiyo ni siku kubwa, wageni wanatoka mbali, wengine hata Bomet kule, na pombe lazima itoshe. Mke wa mzee alikuwa na maumivu ya mgongo. Akaniomba nimsaidie kukaanga unga, kazi ya kuinama juu ya bati la moto tangu asubuhi. Sikuwa nimeshika kazi hiyo tangu mtungi wangu uvuke kijito. Nilifikiria kumwambia mume wangu, kisha nikaona hapana. Yeye yuko kiwandani, mimi ninamsaidia jirani, na jirani alinisaidia nilipojifungua.

Mkono haukuwa umesahau. Unasukuma unga huku na huku kwa mwiko, hauachi ushike, hauharakishi moto, mpaka harufu ibadilike kutoka ya mahindi kuwa ya kitu kingine kisicho na jina. Nilirudi nyumbani nikinuka moshi. Nilioga kwa sabuni ya kufulia. Mume wangu aliingia, akavuta pumzi, akanitazama, nikasema nilikuwa nawasha kuni mbichi. Akavua koti.

Siku ya kuposwa wageni walijaa. Wazee walizunguka mitungi, na mtungi wangu mwenyewe ulikuwa miongoni mwa ile mingine. Mume wangu alikaa na wataalamu wake. Walimpitishia mkebe ili aseme neno, kama desturi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la viazi.

Akainama akanusa. Nikasubiri aseme habari za kimea. Alinusa tena, akabaki ameinama hivyo, uso ndani ya mvuke, muda mrefu hata nyapara akamgusa bega.

"Vipi? Imeungua?"

"Haijaungua," akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Hii imekaangwa na mke wangu."

Wakacheka. Mwenye duka akasema huyu sasa amezidi, atatuambia na jina la kuku aliyepita karibu. Lakini mzee hakucheka. Aliniona pale mlangoni, akanyoosha kidole, na wote wakageuka.

Mume wangu akaurudisha mkebe kwa nyapara bila kunywa. Akaja akanipokea sinia, jambo ambalo wanaume wa siku zile hawakulifanya mbele ya watu, akaligawa mwenyewe kwa wageni, viazi kwa viazi, hadi likaisha.

Tulirudi pamoja jua likiwa bado juu, tukapita katikati ya majani chai, njia ile nyembamba mtu mmoja nyuma ya mwingine. Alikuwa mbele. Nilisubiri anigombeze.

"Ulikaanga kwa moto wa chini," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Na mwisho ukaongeza moto kidogo."

"Mama yangu ndivyo alivyonifundisha."

Akatembea. Tukafika kwenye kijito, akasimama juu ya jiwe, akanipa mkono nivuke.

"Mama watoto," akasema, "nilidhani niliacha pombe. Kumbe nilikuwa nimeiacha kazi yako. Sikufikiri."

Nikamwambia asianguke majini, koti ni la Jumapili. Lakini nilishika mkono ule hata baada ya kuvuka, na hatukuachiana mpaka tulipoona kambi.

Mtungi haukurudi, wala sikuuomba. Tulikubaliana nimsaidie mke wa mzee kila anaponihitaji, na mume wangu asiulize. Hakuuliza. Alikuwa akiniambia tu jioni, kana kwamba anataja hali ya hewa, "Leo umeikaanga vizuri," au, "Leo ulikuwa na haraka." Na mimi nilionja, sioni aibu kusema, kwa sababu mtu hawezi kupika kitu asichokionja, na mimi sikuwa nimeahidi lolote pale joshoni.

Miaka ikapita, kanisa likamfanya mume wangu mzee wa kanisa. Watu wanasema ni kwa uaminifu wake, na ni kweli alikuwa mwaminifu. Mchungaji aliniambia sababu nyingine. Vijana wa kambini walikuwa wanakunywa Jumamosi na kuja kuimba kwaya Jumapili, wakiulizwa wanakana huku wanatafuna majani ya mkaratusi. Mbele ya mume wangu hakuna aliyeweza kukana. Alikuwa anamsogelea kijana, anavuta pumzi, anamwambia amekunywa nini na kwa nani. Kijana anaanguka magoti. Mume wangu anamwekea mkono kichwani, anamwombea kwa machozi ya kweli, anasema amina. Halafu, kabla hajamwachia, anainama sikioni kwake na kumwuliza kwa sauti ya chini:

"Na kimea, walikuwa wamekiotesha vizuri?"